Kolinsi ya Kimea

Kabla Mbugua, mhudumu wa kaunta, hajapakiwa kwenye lori katika msako wa Mau Mau pamoja na Wakikuyu wengine wa Kitale, alipata nafasi ya kumfundisha Wakhungu kinywaji kimoja tu. Kiliitwa Tomu Kolinsi, na wakati wa kiangazi wazungu wa hoteli ile karibu na stesheni hawakuomba kingine. Glasi ndefu, jini, maji ya ndimu, sukari iliyoyeyushwa kwa maji moto ikapozwa, barafu, kisha soda mpaka juu.

"Ukijua hii moja," Mbugua alimwambia huku akimfunga aproni, "utaishi mpaka mvua ikuje. Hizo zingine utajifunza kwa kuangalia koo."

"Koo?"

"Mtu akimeza anyamaze, umepatia. Akimeza aangalie glasi, umeweka ndimu mingi. Si wewe huonji? Basi angalia koo."

Wakhungu hakuonja kwa sababu alikuwa muumini wa kanisa la Marafiki, na Marafiki wa Bungoma hawanywi pombe. Alikuwa mhudumu wa meza, mtu wa kubeba supu. Mbugua alipoondoka, memsabu mwenye hoteli aliwatazama wafanyakazi waliobaki, akaona kwamba asiyekunywa hatamaliza chupa, akamweka kaunta. Wakhungu alikubali. Alijiambia kwamba muuza viatu si lazima avae kila kiatu.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Januari hii, mahindi yalikuwa yameshavunwa na upepo ulikuwa ukibeba makapi mpaka kwenye viti vya veranda. Siku moja ya joto kali aliingia Bwana Holt, kijana wa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Endebess. Alikuwa amezaliwa huko, akanyonya Kiswahili pamoja na watoto wa wachunga ng'ombe. Kisha alikwenda vitani Korea, akarudi mtu wa kukaa kiti cha mwisho, mgongo ukutani.

Wakhungu alimtengenezea Kolinsi. Bwana Holt alimeza, akaitazama glasi, akaisukuma mbele kidogo.

"Ndimu nyingi, bwana?"

"Ndimu iko sawa. Wewe umeonja?"

"Hapana, bwana. Mimi sinywi."

"Sikatai." Alichora duara kwa kidole kwenye maji yaliyotiririka toka kwenye glasi. "Kule Korea, siku moja tulikuwa tunarudi nyuma. Baridi, bana, hata mate inaganda. Tukapita kijiji imeungua. Mama moja mzee akatoka kwa nyumba imebaki nusu, ako na bakuli. Sisi tumeambiwa, usikunywe kitu ya mtu, watu wanatia sumu. Yeye akaona vile tunaogopa. Akachota, akakunywa yeye kwanza, akapangusa mdomo. Halafu akanipatia na mikono mbili."

"Ilikuwa nini?"

"Maji ya mchele. Tamu. Punje zinaelea juu, na tangawizi iko ndani. Na harufu." Alitafuta neno. "Unajua gunia ya nafaka ikinyeshewa, nafaka ianze kuota? Hiyo. Sijui wanaiitaje."

Wakhungu aliacha kupangusa glasi. Aliijua harufu ile kabla hajajua kusema. Ilikuwa harufu ya nyumba ya mama yake, wakati wimbi limefungwa ndani ya majani ya migomba likisubiriwa litoe mizizi.

"Nakunywa jini," Bwana Holt alisema, "haifiki pale. Nitengenezee Kolinsi, lakini hiyo iwe ndani. Na wewe ukunywe kwanza, mbele yangu. Jini nakunywa tu, hainisumbui. Lakini hiyo, mtu asipokunywa mbele yangu, haitapita hapa." Aligusa koo.

"Nitajaribu, bwana," Wakhungu alisema, na neno lilikuwa limeshatoka.

Alilifikiria jioni akitembea kwenda chumba chake cha kupanga kule Tuwan. Kwao Wabukusu, mwenye chungu huonja kwanza. Wageni wakishakaa kuzunguka chungu, mwenye nyumba huchukua mrija akanyonya wote wakimwona, ndipo wengine wanainama. Desturi hiyo haina maneno, wala hakuna anayeiuliza, mpaka siku isipofanyika.

Kwao kulikuwa na siku moja ambayo haikufanyika. Baba yake, Wabwile, alikuwa amewaalika watu wa rika lake baada ya mavuno, wakati bado wanaishi ng'ambo ya mto Kuywa. Kati ya mwaliko na siku yenyewe, aliokoka. Mzee Eliakim wa kanisa la Marafiki alimpokea, na Wabwile akaapa kwamba pombe haitagusa midomo yake tena. Siku ya wageni alikaa kando, mikono juu ya magoti, akawaambia wanywe. Walikunywa. Siku chache baadaye mmoja wao alikufa kwa tumbo. Labda lilikuwa tumbo tu. Lakini matangani mtu aliuliza, "Mwenye chungu alionja?" na hakuna aliyekuwa amemwona. Mwisho wa msimu ule Wabwile alibeba mlango wa nyumba yake kichwani, akahamia Kanduyi na jamaa yake, na mpaka anakufa kuna watu hawakupokea hata maji kutoka mkononi mwake.

Wakhungu alikuwa mtoto. Alipokuwa mkubwa aliapa kiapo kilekile cha baba yake, mbele ya Eliakim yuleyule. Sasa Marafiki waliofanya kazi Kitale walikuwa wakikutana chumbani mwake kila Jumapili, na kiti chake kilikuwa cha pili kutoka kwa mzee. Alikipenda kiti kile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

*

Alianza na alichokuwa nacho. Aliomba mchele jikoni, akauchemsha na sukari na tangawizi, akauchuja.

Kipketer, mpishi, mtu wa miteremko ya Mlima Elgon, alionja akatikisa kichwa. "Hii ni uji ya mgonjwa. Huyu mzungu wako alipewa dawa ya kuhara, bana, sasa anafikiri ni divai."

"Kuna kitu kimekosa."

"Kuna kitu kimezidi. Ni wewe. Mtu hakunywi, anataka kufundisha pombe kutembea."

Alijaribu unga wa wimbi. Ikawa nzito, na Kipketer akasema ingefaa kubandika matangazo ukutani. Alijaribu sukari iliyounguzwa. Wakhungu hakuwa mtu wa haraka; kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, akanusa, akaona kilipungua nini. Kilichopungua kilikuwa kilekile. Kilikuwa kimea, nafaka iliyoota ikaanikwa ikasagwa. Kimea cha sokoni kilikuwa kimechanganywa tayari kwa busaa, pombe ya nafaka, kimeanza uchachu. Siku yake ya mapumziko ilipofika alipanda basi kupitia Kimilili mpaka nyumbani Kanduyi.

Mama yake, Nekesa, alikuwa akipepeta maharagwe mlangoni. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho.

"Mzungu," alisema mwishowe, "ametoka mbali namna hiyo kutafuta uji wa kimea?"

"Ndiyo, Mayi."

"Na huko wanakoenda kupigana, kuna wanawake wanaotengeneza?"

"Anasema yuko mmoja."

"Basi ni watu." Aliweka ungo chini. "Kimea ninacho. Huwa natilia watoto kwenye uji, wanene. Kupika unakumbuka?"

Hakukumbuka, kwa hiyo alimwonyesha. Uji wa mchele unapikwa mzito, kisha unaondolewa motoni mpaka kidole kiweze kuingia, kivumilie kidogo, kikimbie. Ukiwa moto zaidi kimea kinakufa. Ukiwa baridi kinalala. Unatia kimea, unakoroga, unafunika na blanketi. Halafu unangoja. Wakhungu alifunua akiwa hajaamini: uji uliokuwa umesimamisha mwiko ulikuwa umelegea wenyewe ukawa maji, na punje chache zikielea. Alichovya kidole, akamtazama mama yake.

"Ramba. Hiyo haina kitu. Hakuna aliyeitia sukari, na bado ni tamu kuliko ya duka."

Alilamba. Ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na ile harufu ya gunia lililonyeshewa.

"Lakini haikai," Nekesa alisema. "Leo ni ya watoto. Kesho ni ya wageni. Kesho kutwa ni ya polisi."

Walicheka. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamekaa karibu na chungu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alimwuliza kuhusu baba yake.

"Papa wako alitaka imwagwe," alisema. "Ulikuwa hujui? Alipotoka kwa Eliakim alisema, mimi sitaonja, basi mwaga. Ndugu zake wakaja juu. Wakasema chungu cha wageni hakimwagwi, ni kumwaga watu. Akawasikia." Alichukua ungo wake tena. "Alikuwa mtu wa kusikia watu sana."

Wakhungu aliondoka na mfuko wa kimea na chungu kidogo cha ule utamu, kimezibwa na gunzi la mahindi. Alitaka Kipketer aonje kabla hawajapika upya. Alifika Tuwan Jumamosi jioni, akakisukuma chini ya kitanda mahali penye ubaridi.

*

Jumapili Marafiki walijaa chumbani. Eliakim alikuwa amekuja kutoka Bungoma kuwatembelea. Alisoma, wakaimba, kisha akasema, "Tumngoje Bwana kwa kimya," na wote wakainamisha vichwa.

Kimya kilipokuwa kimetulia vizuri, kitu kilianza kunong'ona chini ya kitanda. Sisisi. Kikaacha. Sisisi tena, kama mtu anayesengenya. Mama mmoja alifungua jicho. Wakhungu alikuwa ameshaelewa, lakini hakuweza kusimama katikati ya kimya. Alibana magoti, akaomba, na hakuwa akiombea dunia.

Gunzi liliruka. Liligonga ubao wa kitanda, likabingirika mpaka kwenye kiatu cha Eliakim. Nyuma yake povu lilikuja polepole sakafuni, na harufu yake haikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Bungoma.

Eliakim alisubiri mpaka kimya kimalizike kwa wakati wake. Ndipo alipoinama, akaliokota gunzi, akalinusa.

"Ndugu Wakhungu. Nini hii?"

"Ilikuwa tamu nilipoiweka, Mzee. Ni uji wa kimea. Ni wa mgeni mmoja wa kazini."

"Kila pombe ilikuwa tamu siku fulani," Eliakim alisema. Hakusema kwa ukali. Aliwaaga wengine mmoja mmoja, akabaki. Wakhungu alimweleza yote, na habari ya kuonja kwanza pia.

"Unajua nilimpokea baba yako," Eliakim alisema.

"Najua."

"Nilimwambia asionje. Sijaona kwamba nilikosea. Lakini nilikwenda kwenye yale matanga, nikasikia lile swali likiulizwa, na sikuwa na jibu. Mpaka leo sina." Alikuwa bado ameshika gunzi. "Watu watazungumza, mwanangu. Wameona povu. Nitarudi Jumapili ijayo, na nitakuuliza mbele yao kama pombe imegusa midomo yako. Ukisema ndiyo, kiti chako sitaweza kukushikia. Ukisema hapana, nitakuamini, kwa hiyo usiseme hapana kama si hapana."

"Na mgeni?"

"Mgeni ni wako," Eliakim alisema, akaliweka gunzi juu ya meza.

*

Bwana Holt aliahidi kuja Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Wakhungu alipika alfajiri jikoni. Memsabu alikuwa ameruhusu, maana aliambiwa ni sukari mpya ya Kolinsi, na ilikuwa kweli. Mchele, kidole, kimea, blanketi. Ilipolegea, aliionja mbele ya Kipketer, ikawa safi kabisa. Sanduku la barafu lilikuwa limejaa nyama ya wageni wa mnada wa ng'ombe, kwa hiyo alikiweka chungu kwenye kona ya jiko isiyopata jua, akaponda tangawizi, akakata ndimu.

Chakula cha mchana kilipita. Joto lilipanda mpaka bati la jikoni likawa linalia. Kiti cha mwisho kule baa kilikuwa kitupu.

"Mzungu wako amerudi Korea," Kipketer alisema.

Alasiri ilikuwa imeshaanza Bwana Holt alipotokea, mikono ina grisi. Trekta ilikuwa imemfia barabarani. Hakuketi baa. Aliuliza Wakhungu yuko wapi, akaja mpaka mlango wa jikoni, akavua kofia.

"Amekuja," Kipketer alisema kwa sauti ya chini. "Na chungu yako imeanza kuongea."

Wakhungu alipiga magoti, akaweka sikio. Kimya. Kisha kiputo kimoja cha hewa, tip, kama mtu aliyefungua mdomo akaghairi. Kimya tena, kirefu. Alinusa. Ilikuwa harufu ya asubuhi, au karibu yake. Inaweza kuwa ni hewa tu iliyokuwa imefungwa. Inaweza kuwa ndiyo inaanza.

"Iko tayari?" Bwana Holt aliuliza.

Kipketer alimsukumia kikombe. "Onja basi. Tone moja tu. Mungu anahesabu matone?"

Wakhungu alichota nusu kikombe. Alikileta karibu na pua, na kwa muda hakuona jikoni. Alimwona baba yake, mikono juu ya magoti, na wanaume wameinamia chungu. Siku zote alidhani kwamba mtu aliyekaa pale alikuwa na njia mbili tu, kuonja avunje kiapo, au kukataa awaache wageni wanywe peke yao. Sasa alijua kwamba baba yake alikuwa ametamka njia nyingine kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akawasikia watu.

Alibeba chungu chote kwa mikono miwili, akatoka nacho mlangoni akimpita Bwana Holt, akakimwaga kwenye shina la mgomba. Udongo uliunywa uji, ukaacha povu dogo ambalo lingeweza kuwa la kitu chochote.

"Wee," Kipketer alisema. "Unamwaga ya mgeni?"

Bwana Holt alikuwa akitazama povu. "Imeharibika?"

"Sijui, bwana. Siwezi kujua bila kuonja, na kama imekuwa pombe mimi sionji. Kitu siwezi kuonja, siwezi kukupatia."

"Lakini kila siku unanipatia jini. Hujawahi kuonja."

Wakhungu alifungua mdomo kujibu habari ya muuza viatu. Aliona haikutosha.

"Ndiyo, bwana," alisema. "Hiyo pia nimeiona sasa." Akakung'uta chungu. "Kimea iko bado. Kama unaweza kungoja, napika ingine mbele yako. Unakunywa ikiwa mpya."

"Inachukua saa ngapi?"

"Inachukua kungoja."

Bwana Holt aliangalia barabara, kisha akageuza kreti ya soda, akakaa juu yake, mgongo ukutani. "Mimi nimengoja tangu vita iishe," alisema. "Leta kazi."

Kipketer, ambaye hakuwa amewahi kumwona mzungu akikaa kwenye kreti ile, alimpa tangawizi na kisu.

Walipika. Wakhungu alimwita atie kidole kwenye uji, kikavumilia, kikakimbia, na Bwana Holt akapuliza kidole akisema kwamba yule mama hakuwaambia sehemu hii. Walifunika. Wakati wa kungoja mazungumzo yalikuwa machache. Bwana Holt aliuliza nani alimfundisha Wakhungu Kolinsi.

"Mbugua."

"Yule wa zamani. Yuko wapi?"

"Alipelekwa, bwana. Na lori."

Bwana Holt alimenya tangawizi. Kuku wa memsabu walikuja kuchunguza shina la mgomba wakaondoka.

Jua lilipokuwa limelegea na uji pia umelegea, Wakhungu alichuja kwa kitambaa safi, akaacha punje chache zipite kwa makusudi. Alitia tangawizi, akaonja kwa kijiko, akatia ndimu kidogo kuliko anavyozoea, kwa sababu kimea kina uchachu wake wa mbali. Barafu. Alichukua vikombe viwili vya bati badala ya glasi za kaunta, maana mhudumu haruhusiwi kugusa zile kwa mdomo wake. Soda mpaka juu. Punje ziliinuka na povu la soda, zikazunguka, zikakaa.

Alikiinua kikombe chake. Hakukigusa kwa ncha ya ulimi. Alikunywa kama mwenye chungu anavyopaswa kunywa, mpaka mtu akuone ukimeza, na aliona macho ya Bwana Holt yakilifuata koo lake lilipopanda na kushuka. Alipangusa mdomo. Kikombe cha pili alikitoa kwa mikono miwili.

Bwana Holt alikipokea kwa mikono miwili. Alimeza, akanyamaza.

Kipketer aliacha kukoroga mchuzi. Kisha Bwana Holt akanywa tena, na tena, mpaka punje zikabaki chini, akazigonga ziingie mdomoni kama mtoto.

"Si sawasawa," alisema. "Ile mchele ilikuwa ingine. Na ilikuwa baridi, hapa ni jua." Alimrudishia kikombe. "Lakini imepita."

Wakhungu alimjazia. Safari hii Bwana Holt alitoa chupa ndogo ya jini mfukoni mwa koti, akaitazama, akatia kidogo.

"Sasa ni Kolinsi," alisema.

"Sasa ni Kolinsi, bwana."

Wakhungu alimtazama akinywa, na hakuona haja ya kulipima jambo lile kwa kipimo chake. Alichokitoa yeye alikuwa amekionja. Kilichotoka kwenye koti la mtu kilikuwa cha mwenye koti.

*

Jioni ileile ya Jumamosi Wakhungu alikwenda kwa memsabu kumwomba kwamba kuanzia Jumatatu arudishwe mezani, kwenye supu. Memsabu aliuliza nani atasimama kaunta. Wakhungu alimwambia Kipketer ana mpwa anayekunywa kwa adabu. Memsabu hakufurahi, akakubali.

"Umetoka kwa kivuli umeingia kwa moshi," Kipketer alimwambia. "Na umeacha mzungu amezoea. Nani atampikia?"

"Nitampikia mimi. Hapa hapa jikoni, akija mapema."

Jumapili chumba kilijaa kuliko kawaida. Walikuja hata wale ambao huwa wagonjwa. Hakuna aliyetazama kiti cha pili, na kila mtu alikuwa akikiona. Wakhungu alikuwa ameamka gizani akapika. Chungu kilikuwa katikati ya meza, wazi, si chini ya kitanda, na vikombe kando yake.

Eliakim aliingia, akakiona, akabaki amesimama.

"Ndugu Wakhungu," alisema, "niliahidi swali. Pombe imegusa midomo yako?"

"Hapana, Mzee. Ile ya jana sikujua kama imegeuka, nikaimwaga. Nikapika nyingine, nikaionja kwanza, nikampa mgeni. Na kaunta nimeiacha. Kesho nabeba supu."

"Uliimwaga ya mgeni."

"Niliimwaga."

Mzee alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Aliangalia chungu. "Na hii?"

"Ya leo asubuhi."

Wakhungu alichota, akanywa wote wakimwona, akapangusa mdomo. Alichota kikombe kingine, akakitoa kwa mikono miwili. Eliakim hakukipokea mara moja. Aliinama taratibu, kwa shida ya mgongo wake, akaweka sikio kwenye mdomo wa chungu, akafumba macho. Chumba chote kilisikiliza pamoja naye. Ng'ombe alilia mahali fulani upande wa barabara. Chungu hakikusema kitu.

Aliinuka, akanyoosha mikono yote miwili kukipokea kikombe.

"Wabwile," alisema, akimwita mwana kwa jina la baba, na Wakhungu hakumsahihisha.